Mstari ni wa nani? Kuchora uwanja wa voli shambani kwa mtu na kuandikiana mpaka

Vijana wakitafuta pahala pa kupigia voli mtaani mambo yanakwenda hivi: wanaona kipande cheupe shambani kwa mzee fulani, wanamuomba, mzee anasema haya chezeni wanangu, zinatiwa nguzo mbili na wavu, mchezo unaanza. Afu miaka inapita mzee anafariki, watoto wake wanataka kujenga, klabu inasema huu uwanja wetu toka zamani, na jirani nae anatokea anasema hiyo kona ya kule ilikuwa kwangu siku zote mlikuwa mnaniingilia nikanyamaza tu. Hapo watu waliokuwa wakisali safu moja hawatazamani usoni.

Huu mwongozo ni kwa klabu za mitaani na vijijini, Unguja na Pemba, wanaotaka kuchora uwanja sawasawa na pia kuandikiana vizuri na mwenye ardhi. Nimeyaweka mambo mawili pamoja kwa sababu ugomvi wake ni mmoja: mstari una unene, na hakuna alosema ule unene ni wa nani. Kwenye voli hilo lishamalizwa, kanuni za FIVB (shirikisho la voli la dunia) zinasema mistari ya pembeni na ya nyuma iko ndani ya vipimo vya uwanja, na ule wa kati upana wake wote ni wa timu zote mbili sawa kwa sawa. Sisi kwenye karatasi zetu tunaandika "mpaka ni ukuta" tunaona tumemaliza. Ukuta upande gani?

1. Ardhi ya nani, na miti ya nani

Kabla hujashika tepu nenda kwa mwenye shamba, na ukifika uliza maswali mawili sio moja. Kwetu si ajabu ardhi ikawa ya mtu mmoja na mikarafuu ya mwengine, au ile minazi iliyo kati kati ni ya shangazi yao alieolewa Makunduchi, na shangazi ana haki na minazi yake hata kama ardhi hana. Nyinyi mkaikata kwa ruhusa ya mtu asiekuwa na mti, mmeshaingia kwenye kesi.

Kama shamba ni la urithi na halijagaiwa, ruhusa ya kaka mkubwa peke yake haitoshi hata kama ndie anaelisimamia, waulizwe warithi wote na wanawake wamo, wakishindwana wao kwa wao hiyo ni kazi ya Mahakama ya Kadhi nyinyi watu wa voli kaeni mbali. Kama ni wakfu nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kama ni katika zile eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, hizo zina masharti yake ya Serikali, alienazo hawezi kujiamulia kila kitu kama kiwanja cha hati. Na kwa ujumla kumbukeni kuwa chini ya sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kwa ajili ya wananchi, mtu anachopewa ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo msikubali kijikaratasi cha "nimewauzia klabu kipande" kilichoandikwa barazani usiku, uhaulishaji wa ardhi, yani kuihamishia kwa mwengine, una njia yake kupitia Kamisheni ya Ardhi.

Mnachoomba nyinyi ni kuazima. Semeni hilo neno waziwazi mbele ya mzee: "Ami, tunaomba utuazime tu, siku ukiihitaji sehemu yako tunaondoka." Wazee wanajua sana kutofautisha. Ndio utakuta mtu kaazimwa kipande cha kulima anaambiwa lima muhogo, lima viazi, lakini usipande mti. Muhogo unang'oka mwaka huo huo, mti unakaa na mwenye mti anakuja kudai. Sasa nguzo mliyoimwagia zege mzee anaiona kama mkarafuu mlioupanda, mkitaka kuitia muulizeni mwanzo na iandikwe kuwa mkiondoka mnaitoa.

2. Piteni mpaka kwa miguu

Chagueni asubuhi moja, aweko mwenye shamba, majirani wa pande zote nne na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) au mtu wake. Tembeeni mpaka wote mkiwa pamoja, alama kwa alama. Kama ardhi imepimwa mtakuta bikoni kwenye kona, kile kijiwe cha zege, na ramani yake ipo. Msiing'oe wala msiisogeze hata kama imekaa pabaya kwenye mchezo. Mashamba mengi lakini hayana bikoni, mpaka ni mbono zilizopandwa mstari, ni mnazi, ni jabali, ni njia ya miguu inayoshuka kisimani.

Hapa pana kazi, mana kila alama ya hivo ina unene wake. Mnazi una shina, mpaka ni kati kati ya shina au ubavu wa huku? Ua la mbono limetanuka mwaka hadi mwaka, mpaka ni pale lilipopandwa au majani yalipofika? Njia ya miguu ni upande wa shamba au ni upande wa pili? "Barabara" je, ni mwisho wa lami au ni mtaro, na barabara ina hifadhi yake pembeni ambayo si ya mwenye shamba hata kama kapanda migomba. Yote haya ulizeni pale pale majirani wakiwa wamesimama, kila mmoja aseme, na atakaesema "aa hiyo tuache tu sote tunajuana" huyo ndo mbanane nae zaidi, si kwa ubaya, ila kujuana kunakufa na watu. Wazee watakukumbusha wenyewe ile hadithi ya Mtume (SAW) kuhusu alienyang'anya ardhi ya mwenziwe shibiri moja kuwa atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama. Shibiri ni ndogo kuliko unene wa kuta za Mji Mkongwe.

Kitu cha skuizi: kijana mmoja anatoa simu, anafungua ramani, anasema mpaka unapita hapa jipiesi inaonesha. Jamani hapana. Simu ya kawaida chini ya mbingu wazi inakosea kama mita 5 hivi, chini ya minazi au karibu na ukuta inakosea zaidi. Mstari wa voli una sentimita 5. Yani kosa la simu ni mara mia ya huo mstari. Simu itumieni kupiga picha, na kila picha iwe na kitu kisichohama ndani yake, kona ya msikiti, kisima, mbuyu. Kipimo cha kweli cha kona ni cha mpima ardhi na vyombo vyake, na kama hamna uwezo wa kumuita basi pimeni kwa tepu kutoka kwenye vitu viwili au vitatu vya kudumu hadi kila alama na muandike: kutoka kona ya kaskazini ya kisima hadi kati kati ya shina la mnazi, mita kadha na sentimita kadha. Mnazi ukianguka kesho, mtaweza kuirudia nukta ile ile.

3. Uwanja unaingia?

Uwanja wa voli ya kawaida, sio ya ufukweni, ni mita 18 kwa 9. Lakini huo ni mistari tu, nje yake pande zote lazima pabaki wazi si chini ya mita 3, kwa hiyo mnachohitaji ni mita 24 kwa 15. Kwa lugha ya viwanja vyetu hiyo ni kama futi 79 kwa futi 50. Angalia sasa, kile kiwanja cha futi 40 kwa 60 ambacho watu wanakiona kikubwa ni mita 12.19 kwa 18.29 tu, mistari inaingia lakini nyuma ya mstari wa mwisho unabakiwa na sentimita chache kila upande, mpiga sevu atasimama kwenye muhogo wa jirani. Ndio chanzo cha ugomvi mwingi, uwanja wenyewe uko ndani ya mpaka ila mchezo hauko.

Juu pia pana mpaka. Kanuni inataka mita 7 za uwazi kutoka chini, na mpira ukigusa kitu kilicho nje ya mchezo, tawi, waya, paa, umekwisha, ni auti. Tawi la muembe wa jirani likiingia juu ya uwanja msilikate usiku. Liandikeni kwenye makubaliano, na maembe yakidondoka upande wenu pia muyaandike, mtashangaa.

Urefu wa uwanja ulazeni kaskazini na kusini, mana voli yetu inapigwa baada ya Alasiri na jua likiwa linashuka magharibi timu moja isiwe inapokea sevu na jua machoni. Hamna haja ya dira. Sisi Makka iko karibu kaskazini sawasawa, kwa hiyo tazameni kibla ya msikiti wa karibu, mkiulaza uwanja kuelekea huko mmemaliza.

4. Kuchora

Vifaa: tepu mbili za mita 30 (moja inatosha ila mtateseka), mambo (vigingi) za mti au vipande vya nondo kwa kupimia, uzi wa fundi mwashi, na cha kuchorea. Wekeni watu watatu, wawili washike na mmoja asome, na wa kusoma awe mmoja huyo huyo mpaka mwisho.

Anzieni kati kati, msianzie kona. Piga mambo mbili, K na L, umbali wa mita 9 kamili, huo ndo urefu wa mstari wa kati. Sasa mtu mmoja ashike tepu kwenye K asome mita 9, mwengine ashike tepu ya pili kwenye L asome mita 12 na sentimita 73, zivuteni mpaka zikutane zote zikiwa zimekaza, pale zinapokutana ni kona ya nyuma upande wa K. Geuzeni, mita 9 kutoka L na 12.73 kutoka K, mmepata kona ya pili. Fanyeni hivo hivo upande wa pili wa uwanja. Hiyo 12.73 ni mshazari wa mraba wa mita 9, ndio inayowapa pembe ya mraba bila fundi. Mkimaliza kagueni: kona hadi kona kwa urefu 18, kwa upana 9, na mishazari miwili mikubwa kila mmoja 20.12. Mishazari isipolingana uwanja umelala upande, usijidanganye kwa macho, rudini mkapime.

(Fundi akikwambia yeye anatumia 3-4-5 ni sawa kabisa, ila kwa uwanja mkubwa atumie 6, 8 na 10, kosa linapungua.)

Uzi ukishafungwa kwenye mambo ndo linakuja suala la unene, na viwanja vingi vinaharibika hapa hapa. Mstari ni sentimita 5. Uzi wa pembeni na wa nyuma ni ukingo wa NJE, kwa hiyo rangi inaingia ndani, sentimita 5 kuelekea uwanjani. Mkipaka nje ya uzi uwanja wenu umekuwa 18.10 kwa 9.10. Mstari wa kati ni tofauti, uzi unapita kati kati yake, rangi sentimita 2 na nusu huku na 2 na nusu huku. Mstari wa mashambulizi ule wa mita 3 nao una namna yake: mita 3 zinahesabiwa kutoka kati kati ya mstari wa kati hadi ukingo wa NYUMA wa mstari, yani uzi ukae kwenye mita 3 na rangi iende upande wa wavu.

Cha kuchorea. Kwenye udongo mgumu chokaa inafaa lakini iwe imeshazimwa na maji, ile mbichi ya kutoka tanuuni inaunguza ngozi na macho na watu wanalala juu ya hiyo mistari wakiokoa mpira. Msizike matofali, mawe wala mpira wa maji kufanya mstari, nimeona sehemu nyingi, kanuni inakataza mistari ya kitu kigumu na sababu inajulikana ukishamuona mtu kavunjika kidole. Kwa Pemba kuna jambo jengine: wakati wa karafuu mwenye shamba huenda akataka kuanika pale pale, uwanja umesafishwa na umelala sawa, nani ataacha? Chokaa na karafuu havikai pamoja. Tumieni mikanda ya kitambaa au nailoni ya sentimita 5 inayofungwa kwa vigingi vilivyozama chini ya udongo, mnaikunja siku ya kuanika.

Uwanja wa nje unaruhusiwa kuinama kidogo maji yatoke, milimita 5 kwa kila mita, yani kwa upana wa mita 9 ni sentimita 4 na nusu upande hadi upande. Na maji hayo angalieni yanamwagikia kwa nani.

Nguzo zikae nje ya mstari wa pembeni, kati ya nusu mita na mita 1, zisifungwe kwa waya wa kuvutia chini, hilo pia limekatazwa, mtu anajikwaa. Wavu mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, mpime kati kati ya uwanja sio nguzoni.

5. Kama mnacheza ufukweni

Vipimo vinabadilika: 16 kwa 8, hakuna mstari wa kati wala wa mita 3, mshazari wa nusu ya uwanja ni 11.31 na mkubwa 17.89. Mistari ni mikanda ya sentimita 5 inayovutwa na vibao vilivyozikwa kwenye kona, sio mambo zinazochomoza. Mchanga uwe na kina cha sentimita 40 angalau, kwa hiyo kule kwenye maweni yaliyofunikwa mchanga kidogo tu msijaribu. Na kabla ya kupima jueni maji ya bamvua (maji makubwa) yanafika wapi, uwanja uliochorwa wakati wa maji mafu unaweza kuogelea wiki inayofuata. Mbele ya hoteli ongeeni na watu wa hapo lakini na sheha pia, msichukue neno la mlinzi.

6. Mpira ukigusa mstari

Lainzimeni wenu, wale wanaosimamia mistari na bendera, waelezeni hivi. Mpira ukigusa mstari hata ubavu kidogo, ni ndani. Lakini uguse kweli. Sio kama mpira wa miguu ambapo ukining'inia juu ya mstari bado uko uwanjani, kwenye voli kilichotua chini ndo kinahesabiwa, mpira ukiwa juu ya mstari lakini umetua nje ni auti. Ufukweni, mchanga ukiusukuma mkanda na mpira wenyewe haukuugusa, auti vile vile. Bendera chini ni ndani, bendera juu ni auti.

Na kwa kuwa mstari ni wa uwanja, unamsaidia mmoja na kumponza mwengine. Mpiga sevu anatakiwa awe nje ya uwanja wakati anaupiga, kwa hiyo akikanyaga mstari wa nyuma kaingia uwanjani, faulo. Mchezaji wa nyuma akirukia smashi na kidole kiko kwenye mstari wa mita 3, nae yuko eneo la mbele, faulo. Mstari wa kati, ule wa wote, ukiukanyaga hamna neno, mguu unaweza hata kuvuka kidogo mradi sehemu yake imegusa mstari au iko juu yake, ukivuka wote ndo kosa. Mchezaji anaebisha hayo hajaelewa kitu kimoja tu, kuwa mstari una mwenyewe.

7. Karatasi

Sasa chukueni akili hiyo hiyo mkaandikiane. Kila mpaka kwenye makubaliano uwe wa aina moja kati ya mbili: ama ni kama mstari wa pembeni, unene wote ni wa mtu mmoja, ama ni kama mstari wa kati, ni wa wote wawili. Hakuna wa tatu. Na iandikwe.

Ukuta wa tofali la inchi 6 una sentimita 15, ukienda mita 20 umekula mita za mraba 3. Mji Mkongwe huko kuta ni nene nusu mita na zaidi, nyumba zinagawana ukuta, boriti zako zimekalia ukuta ambao chumba cha jirani kimeegemea, ukiandika "nyumba imepakana na ukuta wa magharibi" umeuza au hukuuza nusu mita kwa urefu wote wa nyumba, na hapo kutengeneza chochote kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe ndani yake, toka 2000 ni urithi wa dunia. Andika: ukuta ni wa nani, nani anatia chokaa, nani anaweza kutoboa. Mlizamu na upenu pia, paa likining'inia nje ya ukuta na mvua ya masika ikamwagika kwa jirani, mpaka umevukwa juu hata kama chini umesalimika.

Kwa klabu karatasi haina haja ya maneno makubwa. Mfano wa vipengele, mbadilishe kwa hali yenu:

"Mwenye shamba ameiazima klabu sehemu ya shamba lake kwa kuchezea mpira wa wavu tu. Hakuna mauzo wala zawadi. Sehemu hiyo ina urefu wa mita 24 na upana wa mita 15, vipimo vimechukuliwa hadi ukingo wa nje, na eneo la wazi limo ndani yake."

"Upande wa mashariki mpaka ni kati kati ya shina la mnazi wa kwanza na wa pili kutoka kisimani, kwa mstari ulionyooka. Upande wa kusini mpaka ni uso wa ndani wa ukuta, ukuta wote ni wa jirani, klabu haitafunga wavu wala taa juu yake."

"Klabu haitapanda mti wa kudumu. Nguzo ni mali ya klabu na itazitoa na kufukia mashimo ndani ya siku 30 baada ya kuambiwa."

"Wakati wa mavuno ya karafuu mwenye shamba ataanika, klabu haitacheza mpaka zimalizike."

"Mpira ukiingia kwa jirani ataingia mtu mmoja kuufuata, kwa kupiga hodi."

Msicheke hicho cha mwisho, kwa uzoefu wangu ndicho kinachofanya kazi kuliko vyote, jirani wa upande wa sevu anachukizwa na miguu ya watu kumi kwenye mchicha wake zaidi kuliko habari za mpaka.

Vipimo andikeni kwa tarakimu na kwa maneno, na chagueni mita au futi, msichanganye. Futi moja ni sentimita 30.48, mtu akihesabu 30 kwenye futi 79 keshapoteza sentimita 38 bila kumuibia mtu. "Hatua" isitajwe kabisa, hatua ya nani? Kama kiwanja ni cha 40 kwa 60 wekeni na mshazari ndani ya karatasi, futi 72 na inchi 1 na kidogo, mana pande nne peke yake zinaweza kulala zikabaki na urefu ule ule na eneo likapungua. Chora kijiramani chini, hata kwa mkono, na kibla juu.

Watie saini mwenye shamba na mrithi wake mkubwa kama yuko tayari, mwenyekiti na katibu wa klabu, majirani wanaoguswa, na sheha akiwa shahidi. Sheha hatoi ardhi wala hahukumu, ila kumbukumbu ya shehia iko kwake. Pakitokea mzozo wa mpaka, simamisheni mchezo upande ule, anzeni kwa sheha na wazee, likishindikana ipo Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, nendeni huko na vipimo vyenu na picha zenu. Kusogeza alama wenyewe usiku ndo njia ya haraka ya kushindwa kesi mliyokuwa mnaishinda.

Kila mwaka kabla ya mvua za masika rudieni vipimo vya kona na mishazari, chokaa ikipakwa juu ya chokaa kwa macho mstari unatembea, mara una sentimita 8, mara uwanja umenenepa. Tepu mpya, ile ya kitambaa ikishavutika itupeni.

Karatasi fanyeni kopi nne, moja kwa mwenye shamba, moja kwa sheha, moja kwa jirani mwenye ukuta, na ya klabu akae nayo katibu sio kepteni, mana kepteni akihamia timu nyengine anaondoka na bahasha, halafu muanze kumpigia simu na yeye hapokei.